Mkanda Uliokataa Kufunguka

Majeruhi walifika saa mbili asubuhi kwa lori la jeshi, wanne kwa jumla, bado wakitafuna mandazi. Koplo Nanyama aliwapokea langoni, akawahesabu, akaandika majina yao. Walikuwa raia wa kawaida kutoka Kisumu waliokubali kulala chini kwa siku mbili na kujifanya wameumia, ili wauguzi wa jeshi wapate miili ya kufanyia mazoezi badala ya magunia ya mchanga. Wa mwisho kushuka alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, shati lake limepigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Aliteremsha magongo kwanza, kisha akashuka mwenyewe bila kutaka kushikwa mkono. Mguu wake wa kushoto uliishia chini kidogo ya goti.

"Zacchaeus Wechuli," alisema. "Fundi viatu, Obunga. Nilisikia mnatafuta mtu asiye na mguu."

Nanyama aliona haya kidogo, kwa maana ndivyo walivyokuwa wameulizia hasa.

"Karibu, Baba. Asante kwa kuja."

Mzee alimtazama vizuri. "Wewe ni wa kwetu. Hiyo sauti si ya hapa."

"Kimilili," alisema Nanyama.

"Nilijua." Tangu hapo alimwita mwanangu, na mbele ya maofisa tu ndipo alipokumbuka kumwita Koplo.

Kambi ilikuwa kwenye uwanja mpana nje kidogo ya Kisian, kati ya barabara ya Busia na maji. Upande wa barabara nyasi zilikuwa fupi na kavu. Upande wa ziwa ardhi ililegea, ikageuka tope jeusi na mafunjo, na mbele ya mafunjo magugu maji yalikuwa yamejikusanya kama mkeka. Kapteni Muturi, daktari wa kikosi na msimamizi wa zoezi, aliuchagua uwanja huo kwa sababu hiyo. Alikuwa mtu mfupi, mtaratibu, aliyezungumza kama mwalimu anayesomea darasa imla.

"Hatukuja kusifu vifaa," aliwaambia wauguzi siku hiyo ya kwanza chini ya hema. "Tumekuja kuvichosha. Kikiharibika, kiharibike hapa, kisiharibike mbele ya mtu anayekufa."

Vifaa vipya vilikuwa vitatu: machela ya kukunjika, kipimo cha mapigo ya moyo cha kubana kidoleni, na mkanda wa kuzuia damu. Huo mkanda ndio wengi walikuwa na hamu nao. Wa zamani, ambao Nanyama aliutumia kwa miaka tisa, ulikazwa kwa kuzungusha kijiti, na mikono ikiwa na damu kijiti kiliteleza. Mpya ulikuwa na kifungio cha chuma chenye meno. Ukivuta mpini wake mdogo, kililia ta, ta, ta, na kila jino lilibana zaidi. Ili kuufungua, mtu alibonyeza kitufe cha ubavuni. Mhandisi wa kampuni iliyouleta, aliyeitwa Wangu, aliufunga kwenye mkono wake mwenyewe na kuufungua mara tatu huku akizungumza, bila hata kuutazama.

Kapteni alitoa masharti. Kwa mtu mzima asiye na jeraha, mkanda usivuke jino la tatu. Usikae zaidi ya dakika tano. "Na sikilizeni hili. Majeruhi watalia, watatukana, watawaomba mlegeze. Hiyo ndiyo kazi tuliyowapa, msiwasikilize. Lakini yeyote akitamka neno kanisa, zoezi limekwisha hapo hapo. Mnaweka kila kitu chini."

"Kwa nini kanisa?" aliuliza Benta, muuguzi aliyepangwa pamoja na Nanyama.

"Kwa sababu hakuna anayelitamka kwa bahati mbaya akiwa kwenye matope."

Siku hiyo walifanya kazi kwenye nyasi. Kigutu cha Wechuli kilipakwa damu ya bandia, nzito na nyekundu kupita kiasi, akalazwa ubavuni mwa gari bovu. Moshi ulipowashwa, Nanyama na Benta walikimbia wakiwa wameinama. Nanyama alipiga goti, akapitisha mkanda juu ya paja, akavuta, meno matatu, akainua mkono. Sekunde kumi na tisa. Hakuna muuguzi mwingine aliyeukaribia muda huo. Kapteni aliandika kwenye fomu, na Nanyama akamwona akiinua nyusi kidogo, jambo ambalo kwake lilikuwa sawa na kupiga makofi.

Hiyo ilikuwa na maana kwa Nanyama. Alikuwa na miaka kumi na mmoja jeshini na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wanaofikiriwa kupandishwa kuwa sajini. Hakuna aliyemwambia kwamba zoezi hili lingetazamwa. Hakuhitaji kuambiwa.

Wakati wa chakula cha mchana aliketi na Wechuli kwenye kivuli cha lori. Mzee alikuwa akijifuta damu ya bandia kwa kitambaa, kwa uangalifu, asichafue suruali.

"Ulilia vizuri leo, Baba."

"Nililia vile mlivyoniambia. Siku yenyewe sikulia."

"Ilikuwaje?"

Wechuli alifikiri. Ilikuwa mwaka wa 2014, alisema, hapo hapo Kisian barabarani. Alikuwa ameteremka kununua ngozi, lori la mchanga likarudi nyuma bila kuangalia. "Uchungu ulikuja na ukaenda. Nilisikia baridi, na jua lilikuwa linawaka. Halafu kiu. Na unajua nilikuwa ninafikiria nini? Viatu vya watu. Nilikuwa na pea sita kwenye sanduku, za watoto wa shule, na ilikuwa siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Nikasema, nani atajua ni za nani?" Alikunja kitambaa. "Mama mmoja muuza nyanya alivua leso yake akafunga mguu. Alifunga kama mtu anayefunga kuni. Daktari alisema ndiye aliyeniokoa. Sikuwahi kumpata nimshukuru."

Nanyama alimsikiliza hadi mwisho. Katika mafunzo yote aliyopitia, hakuna aliyemwambia kwamba mtu anayevuja damu anaweza kuwa anawaza viatu.

Siku ya pili walihamia majini. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na tope lilifika kwenye vifundo. Mpango ulikuwa hivi: mlipuko ungetokea kwenye mafunjo, wauguzi wangemfikia majeruhi, wangemfunga, wangembeba kwa machela hadi kwenye mashua ya mota, na mashua ingezunguka mkeka wa magugu hadi kwenye gati ndogo ya mbao, ambapo hema la matibabu lilikuwa. Mkanda ungefunguliwa ndani ya mashua dakika ya tano ikifika, na kipande cha kitambaa chekundu kuwekwa mahali pake, kuonyesha kwamba kwa hesabu za zoezi bado umefungwa.

Baruti ililipuka saa nne na dakika kumi na nne. Nanyama aliingia kwenye mafunjo, Benta nyuma yake, na viatu vikazama kila hatua. Walimkuta Wechuli amelala kwa tumbo kama alivyoelekezwa. Walimgeuza. Mikono ya Nanyama ilikuwa myeusi kwa tope, mkanda nao ukaingia topeni alipokuwa akiupitisha chini ya paja. Alivuta. Jino la kwanza, la pili, la tatu. Haukulia kama jana. Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu anayetafuna mchanga. Kwenye ukingo Kapteni alisimama na saa mkononi, na Nanyama alijua amechelewa. Alikuwa ametumia zaidi ya sekunde thelathini, na sasa hakuwa na hakika kama meno yalikuwa yameshika. Akavuta tena. La nne. La tano.

Alijua masharti. Mkono ulivuta kabla hajamaliza kuyafikiria.

Walimbeba hadi kwenye mashua. Mwanajeshi wa mota aliiwasha, wakaondoka, Benta mbele akishika kichwa cha machela, Nanyama katikati akiwa ameinama juu ya majeruhi.

"Mwanangu," alisema Wechuli. "Umekaza sana. Legeza kidogo."

Nanyama aliangalia saa. Dakika ya tatu. Jana pia mzee aliomba alegeze, kwa sauti ya juu zaidi, na baadaye walicheka pamoja.

"Tumekaribia, Baba."

Mashua ilizunguka magugu. Uso wa Wechuli ulikuwa umebadilika. Midomo ilikuwa imekauka, na jasho lilikuwa limesimama juu ya paji la uso matone matone. Hakupiga kelele. Alimshika Nanyama kwenye mkono wa shati na kusema, si kwa nguvu, "Kanisa."

Mota ilikuwa ikinguruma. Benta hakugeuka. Lakini Nanyama alikuwa ameinama, sikio lake karibu na mdomo wa mzee, na alilisikia. Alilisikia lote. Alijiambia kwamba huenda amesema kitu kingine. Gati ilikuwa inaonekana, mita mia mbili hivi, na saa ya Kapteni ilikuwa inakwenda, na kusimamisha zoezi kungefuta muda wote. Aliamua atafungua dakika ya tano kama ilivyopangwa, na hakuna atakayedhurika.

Dakika ya tano alibonyeza kitufe. Hakikuingia. Alikibonyeza kwa vidole gumba viwili. Kilisogea kidogo, kikakwama. Alijaribu kuuvuta mpini mdogo wa kifungio ili meno yaachie, na badala yake ukaruka jino moja zaidi, na Wechuli akatoa sauti ambayo hakuitoa siku ya kwanza.

"Kanisa!" Sasa ni Nanyama aliyekuwa akipaza sauti. "Zima mota. Kanisa. Benta, mkanda umekwama."

Mashua ilisimama, ikasukumwa na maji hadi kwenye ukingo wa magugu, na mota ikanaswa humo. Benta alikuja na makasi ya kukatia nguo. Makasi yale hukata suruali nzito na mikanda ya kiti cha gari, lakini mkanda huu ulikuwa umefumwa mara mbili na umelowa, ukawa unajikunja kati ya makali bila kukatika. Benta alibadilisha mkono. Nyuzi chache zilichomoza, basi. Dakika ya nane. Juu ya kovu la zamani, mwishoni mwa kigutu, ngozi ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau na kuanza kung'aa.

Nanyama alijua kwamba paja la mtu mzima huvumilia kufungwa hivyo kwa muda mrefu, saa nzima na zaidi. Alijua pia kwamba hili halikuwa paja kama mengine. Damu ilipita humo kwa shida tangu lori lile.

"Nionyeshe," alisema Wechuli.

"Lala, Baba. Tunakata."

"Nimesema nionyeshe hiyo kitu. Niinueni."

Walimwinua mgongo. Alikiangalia kifungio, akitweta, akakigusa kwa kidole chake kigumu cha kazi, akapapasa nyuma yake.

"Acheni kukata mkanda. Huo hauwezi kukatika leo. Tafuta mahali umerudi nyuma kushika chuma. Kuna mshono hapo. Kata uzi."

"Sioni, kuna tope."

"Mwaga maji."

Benta alichota maji ya ziwa kwa mkono, mara mbili, tatu. Mshono ulitokea, mistari minne ya uzi mweusi juu ya mkanda mweusi. Nanyama alitoa wembe wa upasuaji kwenye mfuko wake, akauvua karatasi.

"Usikate kama nyama," alisema Wechuli. "Pitisha wembe katikati ya mkanda na mkanda, kama unafungua soli. Uzi utajikata wenyewe. Polepole. Sasa mwingine."

Mstari wa kwanza uliachia. Wa pili. Alipofika wa nne, mkanda ulichomoka kwenye chuma na kufunguka wote kwa mara moja. Dakika ya kumi na mbili. Damu iliporudi mguuni, Wechuli aliinamisha kichwa kwenye bega la Benta na kubaki hivyo. Kovu lilikuwa limepasuka upande mmoja, urefu wa ukucha. Damu iliyotoka hapo ilikuwa nyepesi na nyeusi kuliko ile waliyompaka asubuhi.

Alilazwa hospitalini mjini siku mbili. Kovu lilishonwa, na madaktari wakasema kwamba mguu uko salama, lakini kwa wiki sita asivae mguu wa bandia, ule aliouacha nyumbani akija kambini, na kwamba upande wa ndani wa paja huenda ukabaki na ganzi.

Jioni ya siku ile ile ya zoezi Kapteni Muturi aliwaita Nanyama, Benta na Wangu ndani ya hema. Kifungio kilikuwa mezani juu ya karatasi. Wangu alikuwa amekifungua kwa bisibisi, na mchanga mweusi ulikuwa umejaa kati ya meno. Alionekana kama mtu aliyepokea habari za msiba.

"Hakikujaribiwa kwenye tope la namna hii," alisema. "Tulikijaribu kwenye vumbi na kwenye maji safi. Na Koplo alivuka jino la tatu. Sisemi ili kujitetea, lakini lazima iandikwe."

"Itaandikwa," alisema Kapteni. "Hata tope litaandikwa. Wanajeshi hawachagui mahali pa kuumia." Alimgeukia Nanyama. "Meno mangapi?"

"Matano, Bwana. Nilipojaribu kufungua likaongezeka la sita."

"Majeruhi alitamka neno?"

Benta alijibu haraka. "Mota ilikuwa juu sana, Bwana. Mimi sikusikia chochote."

Nanyama alielewa kwamba rafiki yake alikuwa amemfungulia mlango, na kwamba ilitosha aseme vivyo hivyo. Hakuna ambaye angemuuliza tena, labda hata mzee mwenyewe asingeshangaa.

"Mimi nilisikia," alisema. "Kabla kidogo ya dakika ya nne. Sikusimamisha."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kumaliza na muda mzuri, Bwana."

Kapteni hakukasirika, au kama alikasirika hakuonyesha. Alisukuma fomu upande wa pili wa meza. "Andika hivyo hivyo, kwa maneno yako. Weka dakika."

Aliandika. Ilichukua karibu saa nzima, ingawa haikuzidi ukurasa mmoja.

Mikanda yote ishirini iliyoletwa ilirudishwa kwa kampuni. Nanyama aliondolewa kwenye timu ya majaribio na kurudishwa zahanati ya kambi, na jina lake likatolewa kwenye orodha ya mwaka huo. Barua iliyomweleza hayo ilikuwa na mistari mitatu. Aliisoma mara moja, akaiweka kwenye sanduku lake, akaenda zamu.

Alikwenda Obunga Jumamosi ya wiki ya tatu. Kibanda cha Wechuli kilikuwa pembeni mwa njia, kati ya duka la mkaa na mwanamke anayekaanga samaki, mabati kwa juu na meza moja ya mbao. Mzee alikuwa ameketi na kiatu cha shule mapajani, akipitisha sindano. Alimwona, akaendelea kushona. Nanyama alisimama, kisha akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Nilisema neno," alisema Wechuli hatimaye.

"Ulisema. Nilisikia. Nimekuja kukuambia kwamba nilisikia."

Mzee alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Nilifikiri ni mota."

"Haikuwa mota."

"Basi afadhali ungeniacha nifikiri hivyo." Aliweka kiatu chini. "Unajua nilikuja kwenu kwa nini? Si ile pesa kidogo. Nilisema hawa watoto wajifunze kwangu, ili siku moja wamfunge mtu vizuri. Nikajilaza kwenye matope na umri huu. Halafu wewe unatazama saa."

Nanyama alikuwa amejiandaa njiani kumwomba msamaha kwa maneno fulani, na sasa aliona maneno hayo yangemrahisishia yeye tu.

"Samahani, Baba," alisema mwishowe.

"Nimesikia." Hakumfukuza. Mteja alikuja, mama mwenye ndala iliyokatika. Kwa sababu Wechuli hakuweza kuinuka upesi, Nanyama alimpokea yule mama, akampisha kiti, akamletea mzee gundi kutoka rafu ya juu. Alibaki hadi saa saba, akimpa vitu alivyohitaji. Jumamosi iliyofuata alirudi. Mzee hakumuuliza kwa nini.

Mwezi wa nne baada ya zoezi Kapteni Muturi alifika kwenye kibanda hicho akiwa na nguo za kiraia, Wangu pamoja naye, na boksi mkononi. Nanyama alikuwa hapo, akipanga viatu vilivyokamilika. Alisimama wima kwa mazoea. Kapteni akamwashiria aketi.

"Mzee Wechuli," alisema Kapteni, "sikuja kukurudisha matopeni."

"Hata ukija, siendi."

"Najua. Kampuni wamebadilisha kile kifungio. Ningependa ukitazame kabla hatujakifunga kwa mtu yeyote."

Wechuli alikipokea. Alikigeuza, akakivuta kwa koleo, akakisikiliza. Akamwomba Nanyama alete tope kutoka kwenye mtaro, akakipaka lote, akakikandamiza kama anayejaza tundu, akavuta meno hadi mwisho. Pembeni ya kitufe sasa kulikuwa na kamba fupi nyekundu. Aliivuta. Kifungio kilifunguka. Alirudia mara saba au nane, Wangu akiwa amekaa ukingoni mwa kiti.

"Hii inafunguka," alisema. Kisha akakigeuza nyuma na kupitisha ukucha kwenye mshono. "Lakini uzi bado ni ule ule. Ukivuta hii kamba kwa miaka miwili, uzi utaachia upande huu, na mtu atabaki ameshika kamba. Wekeni mistari sita, na mtumie uzi wa nailoni uliopakwa nta. Nitawaonyesha."

Alivuta kipande cha mkanda chakavu kutoka kwenye sanduku lake, akatia uzi kwenye sindano, akaanza kushona. Kapteni alitoa daftari. Wangu aliinama karibu, akauliza kwa nini mshono uanzie pembeni na si katikati, na Wechuli akamweleza, akirudia polepole ili aandike.

"Nanyama," alisema bila kuinua macho, "shika hapa, uvute kwako."

Nanyama alishika mwisho wa mkanda na kuuvuta, na mzee akaendelea kushona.